Hizi programu za rangi zinapanga tu, kuangalia ni kazi yetu

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo niseme kuhusu programu za kuchagua na kuchanganya rangi, maana mimi kazi yangu ni dizaini na kila siku nakutana na vijana wanaoanza, wakishabonyeza kitufe wakapewa rangi tano zinazopendeza basi wanaona kazi imeisha, hata kuangalia tena hawaangalii.

Sizipingi, mi mwenyewe nazitumia kutwa nzima. Ila jamani ile ni hesabu tu. Rangi zimepangwa kwenye duara la nyuzi 360 (Newton alishachora la kwake kwenye kitabu cha 1704, kwa hiyo wazo ni la zamani), ukitaka rangi mbili zinazotazamana inakuvushia nyuzi 180, ukitaka tatu inagawa kila baada ya 120, ukitaka zilizo jirani inasogea kama 30 hivi. Haijui utaandika nini hapo juu wala nani atasoma.

Nilishawahi kutengeneza bango, programu ikanipa nyekundu na kijani, ambazo kwenye duara la wachoraji zinatazamana kweli, nikaweka herufi nyekundu juu ya kijani iliyokolea na kwa macho yangu likatoka zuri sana. Mteja akalitazama weee, akaniuliza, sasa maandishi yako wapi? Kumbe ni mmoja wa wale wasiotofautisha nyekundu na kijani, na watu hao wapo wengi, hasa wanaume. Nikaenda kupima tofauti ya mwanga kati ya herufi na ile kijani, hata 2 kwa 1 haikufika, wakati WCAG, mwongozo unaofuatwa kwenye tovuti ili kila mtu aweze kuzisoma na kuzitumia, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Iliniuma sana, nilikuwa nimekesha nalo siku mbili.

Na kwenye kuchanganya ndo kuna shida zaidi. Kompyuta huandika rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chukua bluu kamili, yaani 0, 0, 255, halafu njano kamili 255, 255, 0, iambie programu ikupe ya katikati. Mtoto mwenye brashi atakwambia itatoka kijani, lakini programu nyingi zinajumlisha na kugawa kwa mbili, unabaki na 128 kwenye namba zote tatu, kijivu kitupu! Ndo maana rangi nyingi za kufifia kutoka moja kwenda nyingine zinakuwa kama zina tope pale katikati. Dawa zipo, mfano Oklab ya mwaka 2020, namna nyingine ya kuzipa rangi namba, imepangwa kufuata jicho linavyoona na mpito wake unakuja laini zaidi, na zipo programu zinazokokotoa rangi kama wino halisi, hizo kijani unaipata.

Sasa ombi langu, mkiandika kuzisifia programu hizi kwenye kurasa za teknolojia, waambieni vijana kabla ya kumkabidhi mteja wageuze kazi nzima iwe nyeusi na nyeupe waone kama herufi bado zinasomeka, na kama inaenda kuchapwa watoe karatasi moja kwanza, sababu skrini inatoa mwanga na wino unaumeza, ile bluu inayong'aa kwenye kompyuta karatasi haiwezi kuitoa.

Msomaji wenu, dizaina wa mabango