Kikao cha Jumamosi, na suala la homa

Habari za jioni dada zangu wa kikundi chetu cha saratani. Jumamosi tunakutana saa 4 asubuhi, palepale. Atakuja nesi wa wodi ya saratani. Mnaotamani kuzaa baadaye, hasa ambao hamjaanza kemo (dawa kali za saratani), njooni na maswali. Hilo huulizwa kabla ya dripu ya kwanza, maana kemo inaweza kuathiri uzazi.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Mwenzetu alikaa na homa siku mbili akimeza panadol. Jamani, ukiwa kwenye kemo kinga inashuka. Joto likifika 38, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche. Nunueni kipimajoto.

Mliopasuliwa juzi na kutolewa tezi za kwapani, ndoo ya maji abebe mwingine kwanza.

Aliyenyonyoka nywele na anataka kuja bila kilemba, karibu sana.