Mama Neema, mayai ya kuchi yanakuja

Mwangaluka shoga angu, au ndo Dar ishakusahaulisha salamu za nyumbani?

Sisi huku Shinyanga wazima, watoto wazima, mama mkwe mguu unamsumbua lakini mdomo hauna shida. Voisi noti yako nimeisikiliza yote, hadi pale ulipoanza kugombana na bodaboda. Kwa hiyo umeamua kufuga, sawa, na unataka kuchi, hawa kuku wa kienyeji warefu, sio chotara, hapo nimefurahi mno maana kila mtu siku hizi ni Sasso na Kuroiler, sio wabaya wale, ila kumbuka ukitotolesha mayai ya chotara wenyewe kwa wenyewe unapata vifaranga mchanganyiko, huyu hivi huyu vile, mwisho unarudi dukani kununua tena. Kuchi ukishakuwa na jogoo wa maana na mitetea wako wanne watano ni wako mpaka wajukuu.

Mayai nakutumia wiki hii kwa basi, nimeyapanga kwenye trei nikajaza pumba za mpunga kila upande. Yakifika usikimbilie kuyaweka popote, yaache yapumzike siku nzima ndani kwenye ubaridi wa kawaida (SIO KWENYE FRIJI tafadhali), ncha nyembamba iangalie chini, maana njiani yamerushwarushwa ile nafasi ya hewa ndani inakuwa imevurugika. Usiyaoshe hata ukiona uchafu kidogo. Tarehe nimeandika kwa penseli juu ya kila yai, yote ni ya ndani ya wiki, yakipitiliza siku kumi hivi yanaanza kupoteza nguvu kwa hiyo usiniambie unasubiri mwisho wa mwezi.

Sasa hiyo mashine unayotaka kununua. Mi naomba usinunue kwanza. Najua kaka yako kakushauri, lakini sikiliza, mashine inataka joto likae pale pale 37 na nusu mchana na usiku siku 21, maji kwenye beseni yasikauke, mayai yageuzwe mpaka siku ya 18 ndo uache kabisa na usifungue fungue, na huko kwenu umeme ukikatika saa sita usiku nani anaamka? Kwa mayai ya trei moja haina haja. Tafuta kuku waatamiaji.

Na hapa ndo penyewe, usimuatamishe kuchi mayai yake. Watu wengi wanakosea hapa wanasema si ni kuku wa kienyeji atalalia tu, kweli atalalia, lakini tetea wa kuchi ni mzito ana miguu mirefu ile, akiingia na kutoka kwenye kiota anayakanyaga, unakuta matatu yamepasuka na mengine yameloa ute. Mama mkwe tangu enzi anatumia vile vikuku vifupi vya kawaida, hata wale kina ching'wekwe wa kule Morogoro na Dodoma wangefaa sana, kakuku kadogo, kepesi, kaking'ang'ania kiota hata umvute mkia hatoki. Kuku wa hivyo mpe mayai manane mpaka kumi basi, asizidishiwe, yale ya pembeni yanapoa.

Nunua watatu kwa majirani, wanaotaga. Akianza mmoja kuatamia mwekee mayai viza au hata ya dukani, mchezeshe nayo awasubiri wenzake, wakishatulia wote watatu unawabadilishia usiku mmoja wote, kwa giza, taratibu, unatoa yale unaweka ya kuchi. Faida yake vifaranga vinatoka pamoja, unawapa wote kuku mmoja au wawili walee, na yule aliyebaki unamtenga anarudi kutaga mapema. Kiota kiwe mahali pa giza giza, chini udongo kidogo alafu nyasi kavu, nyunyiza majivu maana utitiri ukiingia kuku anakimbia mayai hata kama ana moyo wa chuma. Mara moja kwa siku atashuka ale, anywe, anye, ajigaragaze vumbini, dakika kama ishirini, usishtuke ukamrudisha kwa nguvu.

Siku ya saba washa tochi ya simu usiku, weka yai juu yake, utaona mishipa myekundu imetambaa na doa jeusi katikati, hayo yako hai. Yaliyo meupe peee hayana mbegu, toa. Siku ya 21 ikifika kaa mbali Mama Neema, nakujua wewe, utataka kumenya ganda umsaidie. Usimsaidie!! Anayeshindwa kutoka mwenyewe mara nyingi hata ukimtoa hakai. Na wala usihangaike kuwapa chakula saa hiyo hiyo, wana kiini wamekimeza tumboni kinawatosha siku mbili, waache wakauke chini ya mama.

Ukiwaona mara ya kwanza utaniuliza mbona wako hivi, miguu mirefu vishingo virefu. Ndo walivyo. Tena kuchi wanachelewa kuota manyoya, wenzao wa kawaida washavaa wao kifua bado kiko wazi, kwa hiyo baridi inawashika haraka na mvua za Dar ndo usiseme. Wakikaa na mama anawafunika, shida ndogo. Ukiwatoa mapema uwaweke kwenye bruda, kile chumba cha joto cha kulelea vifaranga, basi wiki ya kwanza wanataka joto kama 32 mpaka 35, kila wiki unapunguza kidogo, na wala usihangaike na kipimajoto, waangalie wenyewe, wakirundikana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wanatweta ni joto, wakitawanyika wanakula wako sawa. Chombo cha maji kiwe kifupi utie kokoto ndani wasizame. Starter, kile chakula cha vifaranga cha dukani, wape mwezi wa kwanza na kitu hivi, usiwabanie, kuchi ni mfupa mrefu anataka kula, baadae ndo unachanganya pumba, dagaa, mashudu ya alizeti, mchicha, na mchwa ukiwapata.

Chanjo sasa. Watu wanasema kuchi mgumu haumwi, ugumu upo kweli, anatembea juani kutwa anajitafutia, lakini kideri, ule ugonjwa wa mdondo, hakijui kuchi wala nani, kiangazi kikipita mtaani kinafagia banda zima. Nenda duka la mifugo ulizia ile chanjo ya kideri ya I-2 inayotengenezwa hapo Kibaha, inavumilia joto kidogo kuliko zile nyingine, tone moja kwenye jicho, alafu unarudia kila miezi mitatu bila kukosa. Ndui wanachomwa kwenye ubawa, mwite mtaalamu akufanyie mara ya kwanza uone mkono unavyokwenda. Wakianza kuhara damu tatizo karibu kila mara ni banda bichi, badilisha maranda kwanza ndo uende kununua dawa.

Kitakachokushangaza zaidi ni ugomvi. Wanaanza vitimbi wakiwa bado vifaranga, ila ngoja mapora yafike miezi mitatu minne, hapo tenga, kila pora na chumba chake au bakiza mmoja wa mbegu wengine uza au choma, wakipigana wanapigana mpaka mmoja alale. Si unajua hawa damu yao ni ya vita, wataalamu walipopima vinasaba wakakuta wana undugu na kuku wa kupigana wa Asia, kina Shamo wa Japani, na wako huku kanda ya ziwa, wako Zanzibar, wako mpaka Mombasa na Lamu, mi naamini walishuka na majahazi wakapanda huku juu na wafanyabiashara, baba Kulwa anabisha ila yeye anabisha kila kitu. Watu wa kuwapiganisha watakuja mlangoni kwako na hela nzuri mkononi, hilo uamue wewe na roho yako, mi siwauziagi.

Mayai usitegemee mengi. Tembe wa kuchi anaanza kutaga karibu miezi saba au zaidi, anataga kumi na kitu anaanza kuatamia, kwa mwaka ni mizunguko kama mitatu. Biashara ya mayai fanya na kuku wengine. Kuchi unauza jogoo, kilo tatu na zaidi huyo, mteja akimuona amesimama mwenyewe anaacha kubishania bei. Kichanja usikiweke juu sana, uzito ule akiruka chini kwenye sakafu ngumu nyayo zinavimba, weka nusu mita na chini maranda mengi.

Kitu kimoja nakuomba kwa malipo, maana hela sitaki: ukitotoa, nichagulie tembe mmoja mweusi na mwingine wa rangi yoyote unirudishie mwakani, nataka niwe na damu iliyokulia kwingine ili isije ikawa wote ni ndugu tupu hapa nyumbani. Jogoo wangu ni mtoto wa yule yule wa mama mkwe, na mitetea nao, hesabu mwenyewe.

Basi linafika stendi ya Magufuli asubuhi, namba ya kondakta nakurushia nikishakabidhi. Nenda na beseni sio mfuko. Na umwambie Neema shangazi kasema asiyachungulie kila saa.

Wako, Mama Kulwa