Malalamiko kuhusu gari mlilotukodisha kwa safari ya kwenda kukiona chuo cha binti yetu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI LILILOKABIDHIWA LIKIWA NA TAIRI BOVU, NA AMANA ILIYOKATWA KIMAKOSA

Jumatano iliyopita nilipokea ujumbe wenu kwamba amana yetu yote imekatwa: siku moja ya ziada kwa kuchelewesha gari, bei ya tairi moja la nyuma, na bei ya nati ya gurudumu "iliyoharibiwa na mteja". Ujumbe wenyewe una mistari minne. Nimeurudia mara kadhaa nikitafuta neno pole, sikulikuta. Naamini aliyeuandika hakuelezwa yaliyotupata njiani, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Siku ya kuagiza gari nilizungumza na mfanyakazi wenu kwa simu na kumweleza kila kitu. Sisi ni watu watano: mimi, mume wangu, binti yetu, mdogo wake, na bibi yao mwenye miaka 74. Safari ni kilomita 350 kwenda, na kurudi vilevile. Nikamwambia pia sababu. Binti yetu amepata nafasi chuoni, na chuo kilikuwa kimewaalika wanafunzi wapya na wazazi wao siku ya Jumamosi, kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Matembezi ya kuonyeshwa chuo yangeisha saa nane, na mabweni yangefungwa kwa wageni saa kumi. Gari letu ni dogo, na limezeeka kwa safari kama hiyo. Tulikodi la kwenu kwa ajili ya usalama, tukijua kabisa kwamba tunalipa zaidi ya tunavyozoea kutumia.

Ijumaa jioni tulikabidhiwa gari. Lilikuwa safi kweli, na matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka yanawaka. Mume wangu aliuliza habari za matairi, akajibiwa kwamba gari halina shida, limetoka kuoshwa leo. Fomu ya makabidhiano ilikuja ikiwa tayari imewekewa alama ya vema kwenye kila mstari, pamoja na ule wa "spea, jeki na vifaa vya magurudumu: kamili". Buti halikufunguliwa. Tulitia sahihi. Hilo nalikubali, na sitalificha kwenye barua hii: tulipaswa kudai buti lifunguliwe. Lakini alama zile hatukuziweka sisi. Aliziweka mtu ambaye kazi yake ni kukagua.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Napenda mjue kwamba saa mbili na nusu za mwanzo zilikuwa miongoni mwa saa nzuri tulizowahi kukaa pamoja kama familia. Binti alikuwa na daftari lenye maswali kumi na manne ya kuuliza chuoni: kama njia ya kutoka bwenini kwenda maktaba ina taa usiku, zahanati iko wapi na hufungwa saa ngapi, mtu akifeli somo la kwanza anamwona nani, vyumba wanagawiwaje. Alikuwa akiyasoma kwa sauti, na mdogo wake akiongeza ya kwake. Bibi alikuwa na ombi moja tu, akione kitanda. Alisema akishakiona kitanda atakachokuwa analalia mjukuu wake, ataweza kumwombea huku anajua anamwombea akiwa wapi.

Saa mbili kasoro robo, tukiwa tumeshakwenda kama kilomita 200, gari lilianza kuvuta upande wa kushoto, kisha tukasikia mshindo nyuma. Mume wangu aliushikilia usukani bila kukanyaga breki kwa nguvu, akalipeleka pembeni taratibu. Tulikuwa kwenye mwendo wa barabara kuu, na malori nyuma yetu. Hadi leo nikifumba macho nausikia ule mshindo.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka. Spea ilikuwepo, jeki ilikuwepo, spana ya magurudumu ilikuwepo. Nati nne zilifunguka. Ya tano ilikuwa nati ya usalama, ile ya kuzuia wezi wa magurudumu, ambayo haifunguki mpaka uwe na kichwa chake maalumu. Kichwa hicho hakikuwemo. Tulitafuta kwenye kisanduku cha dashibodi, ndani ya mfuko wa jeki, chini ya zulia la buti, chini ya kila kiti. Tukapakua mizigo yote tukaiweka majanini, tukatafuta tena.

Nilipiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye kishikio cha ufunguo wenu. Mara ya kwanza nilisubiri dakika 38, simu ikakatika. Mara ya pili nilipata mtu akaniuliza namba ya mkataba, nikamsomea, akasema hilo ni suala la ofisi na ofisi inafunguliwa saa tatu. Mara ya tatu, saa tatu na dakika kumi, dada aliyepokea aliniambia kwamba kwa mujibu wa fomu kifaa kipo, kwa hiyo tutafute vizuri. Nilimwambia tuna mzee pembeni ya barabara kuu. Akasema atanipigia. Hakunipigia siku ile wala baadaye. Simu zote tatu zimo kwenye kumbukumbu za simu yangu, na picha yake nimeiambatanisha.

Tulimsogeza bibi mbali na barabara, tukamkalisha kwenye kivuli juu ya begi la binti. Begi hilo lilikuwa na shuka jipya alilotaka kulipima kwenye kitanda cha chuo.

Aliyetusaidia ni dereva wa lori ambaye hatukumjua. Alisimama bila kuombwa, akajaribu spana zake, zikashindwa, akampigia fundi anayemfahamu na kuongea naye mpaka akakubali kuja. Fundi alifika saa saba mchana. Alichukua kichwa cha spana chenye saizi ndogo kidogo kuliko ile nati, akakigongomelea juu yake mpaka kikashika, ndipo akaifungua. Kazi hiyo huiharibu nati, na alituonya kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo nati mnayotudai. Nawauliza kwa dhati: tulipaswa kufanya nini kingine?

Fundi ndiye aliyetuonyesha lililo zito zaidi. Alilichukua tairi lililopasuka akaligeuza. Upande wa nje, ule ambao mtu anauona gari likiwa limesimama, kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado zimesimama na dawa yenu iking'aa juu yake. Upande wa ndani, unaotazama chini ya gari, tairi lilikuwa kipara kabisa, na nyuzi za chuma zilikuwa zimechomoza. Tairi haliliki upande mmoja kwa kilomita 200. Gurudumu lililopoteza mpangilio wake, yaani alaimenti, hulila tairi kidogo kidogo kwa wiki na miezi, kila mteja akiongezea sehemu yake. Yeyote ambaye angeinama na tochi, au kupitisha kiganja kwa ndani, angelijua hilo ndani ya sekunde kumi. Mlipata muda wa kulipaka dawa tairi lile. Aliyelipaka alikuwa amechuchumaa mbele yake.

Spea nayo ni ile nyembamba ya dharura, iliyoandikwa ubavuni mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa na upepo wa psi 60. Kipimo cha fundi kilisoma 24. Alama ya tarakimu nne ubavuni ni 2213. Kama mnavyojua ninyi wenye biashara hii, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 22 ya mwaka 2013. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa matairi hushauri tairi lisitumike likishavuka miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama halijawahi kugusa barabara, na spea wanaihesabu humo humo. Tuliomba Mungu, tukapanda. Kilomita 150 zilizobaki tulizienda kwa mwendo wa spea, hakuna aliyezungumza. Mdogo wake binti ndiye aliyekuwa akitazama dirishani kila mara kuona kama gurudumu bado lipo.

Tulifika chuoni saa kumi na moja na nusu jioni.

Mabango ya kuwakaribisha wanafunzi wapya yalikuwa bado yametundikwa, na viti vya plastiki vinapangwa juu ya vingine. Mlinzi wa getini alituonea huruma, akatuachia tuzunguke kwa miguu kabla giza halijaingia. Tuliiona maktaba kwa nje. Tuliuona ukumbi wa mihadhara kupitia kioo, binti akiwa ameziba mwanga kwa viganja vyake ili aone ndani. Bweni lilikuwa limefungwa kwa wageni na mlezi wa bweni alieleza kwa upole kwamba hana ruhusa. Bibi alikaa kwenye benchi mbele ya bweni lile, akahesabu madirisha ya ghorofa ya pili, akauliza, "Ni lipi?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Kati ya maswali kumi na manne tulipata majibu ya matatu, na yote alitupa mlinzi. Wakati tunarudi kwenye gari binti aliniambia, "Usijali mama, nitayajulia hukohuko." Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Wenzake wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekutana mchana ule, wamekula pamoja, wamebadilishana namba za simu, wamemwona mkuu wa idara yao. Yeye atafika siku ya kuripoti akiwa mgeni kati ya watu ambao tayari wanafahamiana. Kwa mtoto mkimya kama wangu hilo si jambo dogo. Mimi kama mama nilikuwa na saa chache za kuona mahali nitakapomwacha, na kuwatazama usoni watu nitakaowaachia. Saa hizo zilipita nikiwa nimeshika simu, nikisikiliza muziki wenu wa kusubirisha wateja.

Jumapili hatukuweza kuanza safari ndefu kwa spea ile. Duka la matairi lililokuwa wazi lilipata saizi inayofaa saa nane mchana. Tulinunua tairi kwa fedha zetu, likafungwa, tukafika nyumbani usiku ofisi yenu ikiwa imefungwa, na Jumatatu saa mbili asubuhi gari lilikuwa mlangoni kwenu. Maana yake ni kwamba mnatudai bei ya tairi ambalo tumeshawanunulia. Tairi jipya liko kwenye gari lenu, na risiti yake ninayo.

Mmetaja kifungu cha mkataba kinachosema matairi na vioo havimo kwenye bima, na mteja anabeba gharama. Nimekisoma. Kinazungumzia uharibifu unaotokea wakati gari liko mikononi mwa mteja, kama kugonga shimo au kukanyaga msumari. Hakizungumzii tairi lililokuwa limekwisha kabla ufunguo haujatoka mkononi mwenu. Mkataba huohuo, ukurasa wa kwanza, unasema mtatoa gari lililo salama kwa barabara. Kifungu hicho kinatangulia vyote.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yatekelezwe ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Amana yetu irudishwe yote. Mturudishie gharama ya fundi na ya tairi tulilonunua. Risiti zote mbili zimeambatanishwa, pamoja na picha kumi na moja zenye saa na tarehe. Tairi lililopasuka tuliliacha kwenye buti na mpokeaji wenu akaandika hivyo kwenye fomu ya kurudisha gari. Msilitupe. Likitupwa kabla shauri hili halijaisha, nitahesabu kwamba mmepoteza ushahidi kwa makusudi. Mkikaa kimya au mkirudia mistari ile minne, nitapeleka faili lote kwa mamlaka inayosimamia haki za watumiaji.

Ombi jingine halihusu fedha. Gari lile litakuwa limeshakodishwa kwa mtu mwingine. Liiteni lirudi. Lipimwe alaimenti, matairi yake mengine matatu yakaguliwe kwa ndani, spea ibadilishwe, na kichwa cha nati kiwekwe ndani yake. Kisha myafanye hayo kwa magari yote, na fomu ijazwe mteja akiwa amesimama hapo, buti likiwa wazi. Sisi tulipasukiwa na tairi tukiwa kwenye barabara iliyonyooka, na dereva mtulivu. Atakayefuata anaweza kuwa kwenye kona, amebeba watoto kama tulivyobeba wetu.

Na mtakapoandika kuomba radhi, naomba barua isielekezwe kwangu. Ielekezwe kwa binti yetu, na bibi yake atajwe humo. Mpeni mtu mwenye cheo aitie sahihi kwa jina lake, ili nijue nani nimuulize ikihitajika.

Binti anaripoti chuoni baada ya wiki tano. Safari hii bibi ameshasema kwamba hata kama ni usiku wa manane, hatoki pale mpaka amekiona kitanda.

Nasubiri jibu lenu.

Mteja wenu,
Mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza