Usimpe fundi pesa Ijumaa

Kireka, Kampala

Mpendwa Mama Shamim,

Assalamu alaykum. Salamu zako nimezipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba bati limekwisha kupigwa na sasa mnapiga rangi. Hongera sana, wewe na Baba Shamim. Ila lile neno la fundi aliyepima ukuta wa chumba chenu kwa hatua, akasema apewe pesa Ijumaa aanze makabati, limeninyima usingizi. Nakusihi, usimpe kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Kabati langu la kwanza la ukutani uliliona lilipokuwa jipya, ukalisifu. Hukuliona baadaye. Fundi yule alipima upana mara moja tu, usawa wa kiuno, akachukua theluthi mbili ya pesa, akaniletea mbao za musizi zilizopasuliwa juzi, bado zinanuka maji. Ilikuwa Novemba, mvua inanyesha kila siku, kwa hiyo kila kitu kilibana vizuri. Kiangazi kilipoingia mbao zikaanza kukauka zikiwa tayari zimepigiliwa. Kufika Februari mlango mmoja ulikuwa umejipinda kama ngozi iliyoanikwa juani, na kati ya mbao na mbao penseli ilipita. Baada ya hapo mchwa wakaja kutokea nyuma, maana musizi ni mti laini na mchwa wanaupenda. Nikimpigia simu hapokei. Pesa ile niliiweka akiba mwaka mzima, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Ni mzee, ana karakana Bwaise. Alipofika nilitegemea atoe futi. Hakuitoa. Aliniambia, "Mama, toa nguo." Nikamuuliza nguo gani. "Zote. Na mashuka, na mabegi, na mikeka. Weka kitandani." Nikaona haya kidogo, lakini nikatoa.

Akachukua gomesi yangu, lile vazi letu refu la wanawake, ndefu kuliko zote, akaitia kwenye henga, akamwambia kijana wake aishike juu, ndipo akapima: kutoka fimbo hadi pindo, sentimita 145. Kanzu ya Baba Yasini ikazidi kidogo. Mashati hayakufika hata mita moja. Hapo hapo akachora chini kwa chaki: upande mmoja fimbo moja ya juu kwa gomesi na kanzu, upande wa pili fimbo mbili, moja juu ya nyingine, kwa mashati na nguo za watoto. Mikeka ikapewa mlango wake mwembamba, isimame imeviringwa. Masufuria ya shughuli na mabegi yakaenda juu kabisa, karibu na dari, kwa sababu huyashusha mara mbili tatu kwa mwaka. Kisha akapima henga tupu: sentimita 45. Akaniambia, ongeza mabega ya nguo, ndiyo maana kina cha ndani hakipungui 60. Ndipo nikaelewa kwa nini kabati la kwanza halikufunga mpaka nguo nizitundike mshazari. Yule alikuwa amenipa 45.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla fundi yeyote hajakanyaga chumba chako, hesabu vitu vyako. Wewe una vikapu na vifuniko vya kusuka ambavyo havitaki kubanwa. Vipime. Picha nzuri ya kabati la watu wengine haijui una nini ndani ya nyumba.

Ukuta nao usiuamini, hata kama plasta ni mpya. Mzee alining'iniza timazi kutoka darini: juu uzi uligusa ukuta, chini kulikuwa na uwazi wa vidole viwili. Akapima upana juu, katikati na chini, akafuata kipimo kidogo kuliko vyote. Siku ya kufunga alifanya jambo ambalo sijapata kuliona. Aliusimamisha ubao wa pembeni karibu na ukuta, akashika kipande kidogo cha mbao pamoja na penseli, kipande kikisugua ukuta, penseli ikigusa ubao, akateremka navyo polepole toka juu hadi chini. Kila bonde na kila kilima cha plasta kikajiandika pale. Akakata kwa kufuata ule mstari, akamalizia kwa randa. Alipousukuma mahali pake, karatasi haikupita.

Mbao tulikwenda kununua pamoja, Ndeeba. Nenda naye, tafadhali, usimtume na pesa. Alikuwa anainua mbao mbili za ukubwa mmoja, moja mkono huu, nyingine mkono ule: iliyo nzito zaidi bado ina maji. Tulichukua mugavu kwa fremu na milango. Mvule ni mzuri zaidi, mchwa hauwezi, lakini bei yake sikuiweza. Rafu tulitumia blokibodi, ule ubao mpana wa vipande vya mbao vilivyogandishwa, ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4. Nilitaka MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa sababu ni laini na inapakika rangi vizuri, akanikataza kwa upande wa chini. Sisi tunadeki kwa maji mengi, na MDF ikinywa maji inavimba, hairudi. Alijenga kwanza kitako cha matofali, sentimita 10 kutoka sakafuni, kikabandikwa vigae, kabati likakaa juu yake. Nyuma akaacha nafasi ya hewa na matundu, maana ukuta ule unapigwa na mvua na nguo zilikuwa zinanuka ukungu. Mbao zile zilikaa karakana wiki sita zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati, ndipo akazigusa. Nililalamika kuhusu kusubiri. Leo naona bora angesubiri hata nane.

Bawaba usikubali mbili kwa mlango mrefu. Mlango wa mita mbili unataka nne.

Kuhusu pesa: mbao na bawaba nilinunua mwenyewe. Ya mikono yake tuliigawa mara tatu, na fungu la mwisho nilimpa baada ya kufungua na kufunga milango wiki nzima. Tuliandika yote kwenye karatasi ya daftari, aina ya mbao, vipimo, idadi ya droo, siku ya kumaliza, tukatia sahihi, jirani akashuhudia. Mzee hakuchukia hata kidogo. Alisema karatasi inamlinda yeye pia, kwa sababu kuna wateja wanaobadilisha mchoro kazi ikiwa nusu kisha wanakataa kuongeza.

Nimeshazungumza naye habari zako. Karakana yake iko barabara hiyo hiyo ya kuja kwenu Bombo, na Jumapili ana nafasi. Nitapanda naye teksi asubuhi, tutafika kabla ya adhuhuri inshallah. Fundi wenu mwambie kwa upole kwamba bado mnajipanga. Chai usiweke sukari nyingi, mzee hatumii. Na kanzu ndefu ya Baba Shamim iwe kitandani, pamoja na henga yake.

Wasalimie watoto wote.

Ni mimi dada yako,
Mama Yasini