Ivan Cankar hakuwa mpiga debe tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu fasihi ya Slovenia ilimtaja Ivan Cankar kama mjamaa aliyeandika hadithi, ikaishia hapo. Ni kweli mwaka 1907, Slovenia ikiwa bado chini ya Austria, aligombea ubunge wa Vienna kupitia chama cha wasoshalisti, akashindwa, na hadithi yake ya mtumishi Jernej ilianza kama kijitabu cha kampeni hiyo. Lakini fuateni safari ya Jernej hatua kwa hatua.

Ametumikia shamba la Sitar miaka arobaini. Mzee Sitar, mwenye shamba, anafariki, na mwanawe anamfukuza Jernej. Jernej haombi huruma. Anadai kwamba aliyelijenga shamba ndiye mwenyewe. Anakwenda kwa mkuu wa kijiji, kwa hakimu, Ljubljana (mji mkuu wa Slovenia), hadi Vienna kumtafuta Kaisari. Anatiwa ndani, anarudishwa kwao chini ya ulinzi, na mlango wa mwisho ni wa padri. Hakuna anayekula rushwa njiani, na hapo ndipo penye uzito. Hakimu angekuwa fisadi, angebadilishwa mambo yakaisha. Huyu anafuata sheria, na sheria yenyewe haitambui jasho. Jernej analichoma shamba, na wanakijiji wanamtupa motoni.

Tamthilia ya Hlapci (Watumishi), ya 1910, ni kali zaidi. Chama cha makasisi kinashinda uchaguzi, na walimu waliojiita waliberali wanageuka mara moja. Wadhibiti wa Austria waliizuia. Ilipanda jukwaani 1919, Cankar akiwa ameshafariki Desemba 1918.

Waongozaji wengi huharibu hapa: humfanya Jerman, mwalimu anayekataa kugeuka, shujaa, wakakazia hotuba yake ya kuwashutumu watumishi. Sehemu ya nne inakanusha hilo. Mkutano wake kilabuni unavurugika na watu wanamgeukia. Katika ya tano ana bastola mkononi, na sauti ya mama yake ndiyo inayomzuia. Tumaini Cankar analiweka kwenye mikono ya Kalander, mhunzi. Mkipunguza nafasi ya Kalander ili kuokoa muda, mchezo unabaki kilio cha msomi mmoja.

Tena msisahau hotuba ya Cankar ya Ljubljana, 1913. Alitaka Waslovenia waungane kisiasa na Waslavi wengine wa kusini, ila lugha na utamaduni wa kila taifa vibaki vyake. Alifungwa wiki moja kwa ajili yake. Tunaomba makala ya pili ianzie kwenye hotuba hiyo.