Katuni za wavulana si ngumi tupu

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kwamba katuni za Kijapani za wavulana ni ngumi na makelele tu amenichokoza. Mimi ni bibi, mwalimu mstaafu, na huzisoma mjukuu wangu akishalala, maana akiwa macho haniachii kitabu. Jarida la Kijapani la Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968 na linalozichapisha sura kwa sura, huwapa wasomaji kura. Hadithi isiyopendwa hukatwa, hata mchoraji awe hodari vipi. Ndiyo maana sura nyingi huishia shujaa akiwa hatarini. Tena hizo “za wavulana” wapo wanawake wanaozichora: Rumiko Takahashi, Hiromu Arakawa. Kinachonikera mimi, zikigeuzwa kuwa za televisheni, ni pambano moja kuvutwa vipindi na vipindi, watu wakikodoleana macho tu.

Bibi msomaji