Kura zetu zimeuana

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 13 Novemba 2022

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo imeanza kututia adabu. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa zamu ya usiku, wazee ninaowatunza wamelala, nikaangua kicheko mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Eti unauliza, "Mwanasheria mkuu anapigiwa kura? Kwani huyo ni diwani?" Wewe uliyezeekea kwenye masjala ya mahakama ukishangaa, mimi mvaa glovu nifanyeje? Nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Nimekaa mezani na karatasi, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa bweni.

Kwetu Kenya jambo hili halina kelele. Rais anateua, Bunge la Taifa linampiga msasa, anaapishwa, yamekwisha. Kihara ametoka, Muturi ameingia mwezi uliopita, na sidhani kuna kijiwe cha kahawa hapo Majengo kilichokosa usingizi kwa ajili hiyo. Huku majimbo 43 kati ya 50 humchagua kwa kura. Machache yaliyobaki gavana ndiye huteua, Maine wameliachia bunge lao, na Tennessee, hili litakupendeza mtu wa mahakama, huteuliwa na majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Sisi Minnesota tunampa miaka minne, halafu anarudi kuomba tena.

Nasema kuomba, maana ni kuomba kwelikweli. Tangu Septemba kila nikiwasha televisheni kwenye ukumbi wa wazee, katikati ya mchezo wa mpira, anatokea mwanasheria mkuu au anayeutaka uanasheria mkuu. Aliyekuwa kwenye kiti ni Keith Ellison, wa chama cha Democratic, ambacho hapa hukiita DFL kwa kuwa kiliungana zamani na chama cha wakulima na wafanyakazi. Aliyemvaa ni Jim Schultz wa Republican, wakili kijana aliyetokea upande wa makampuni, hajawahi kushika cheo cha kuchaguliwa. Warepublican hawajakishinda kiti hiki tangu 1966. Hebu fikiria, wewe na mimi hatujazaliwa.

Ellison unamjua hata kama hujui kwamba unamjua. Ndiye yule Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Marekani, mwaka 2006, akapiga picha ya kiapo na msahafu uliokuwa mali ya Thomas Jefferson. Mwaka 2018 akaacha ubunge akagombea huku jimboni. Basi msikitini, Ijumaa zile za Oktoba, nje pale tunapovaa viatu, usiulize. "Mtu wetu." "Ndugu yetu." Wasomali, Waoromo, sisi wa pwani tulio wachache, wote lugha moja. Sahibu, mimi nimekimbia siasa za mtu wetu tangu Likoni, nimevuka bahari mbili, nikazikuta zimenitangulia na zimevaa koti la baridi. Nikajiapiza kwamba huyu bwana nikimpa kura, nimpe kwa kazi yake.

Sasa kazi yenyewe ni ipi? Hapo ndipo palipozuka mgogoro nyumbani kwangu.

Mwezi wa tatu gari letu liliibwa. Mama watoto alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu, akakuta vipande vya kioo kwenye theluji na alama za magurudumu, basi. Lilipatikana siku nne baadaye kaskazini ya Minneapolis, usukani umechokonolewa, kiti cha mtoto hakimo. Kiti cha mtoto, wewe! Askari alikuja akaandika, akatupa namba ya kumbukumbu, akaondoka. Tangu siku ile mwenzangu ana jambo moja tu la kumwuliza mwanasiasa yeyote, awe wa chama gani. Schultz akaja na tangazo baada ya tangazo kuhusu uhalifu, akaahidi kuhamishia mawakili zaidi kwenye kitengo cha jinai. Akakumbusha pia kwamba Ellison aliunga mkono ile kura ya mwaka jana ya kuiondoa idara ya polisi ya Minneapolis na kuweka idara nyingine ya usalama, kura ambayo wenyewe wa mji waliikataa. Jambo hilo hakuliacha lipoe hata wiki moja.

Mimi nikajitia mwalimu. Nikamweleza mama watoto kwamba mwizi wa gari hashtakiwi na mwanasheria mkuu. Jimbo hili lina kaunti 87, kila moja ina wakili wake wa kaunti, naye huchaguliwa, na huyo ndiye mwenye kesi za wizi na mauaji. Mwanasheria mkuu huingia kaunti ikimwomba msaada au gavana akimkabidhi. Siku zake nyingi anaitetea serikali ya jimbo ikishtakiwa, na anayaburuta mahakamani makampuni yanayowapunja watu. Akanitazama, kijiko mkononi. "Basi kama si kazi yake, mbona wote wawili wanazungumzia magari yangu kwenye TV?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Ellison naye hakusema "hiyo si kazi yangu, muulizeni wa kaunti." Alijibu kwamba aliomba fedha za kuajiri waendesha mashtaka zaidi na Seneti ya jimbo ikamnyima, kisha akageukia utoaji mimba, kwa kuwa mwezi wa sita Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta haki ile na kila jimbo likabaki na la kwake. Mtu akishaingia kuomba kura, ofisi yake hupanuka ikafika popote penye hofu ya mpiga kura. Hilo silipendi. Ukiwa wakili unalipwa kuujua mpaka wa mamlaka yako, hawa wawili waliusahau mbele ya kamera.

Lakini mimi nina kitabu. Unakumbuka nilivyokuambia kwamba mwenye nyumba wetu wa kwanza alikataa kurudisha dipoziti? Alidai zulia limeharibika, na zulia lile tulilikuta na doa la umbo la Zanzibar, mpaka watoto walilipa jina. Nilishasamehe. Kisha mzee mmoja wa Liberia kazini akanipa kijitabu kilichokunjwa pembe, cha haki za wapangaji na wenye nyumba, kimetolewa na ofisi ya mwanasheria mkuu. Ndani yake, kwa maneno ambayo hata mtu wa Kiingereza cha kuungaunga anayaelewa, imeandikwa kwamba mwenye nyumba ana wiki tatu kurudisha dipoziti pamoja na riba, au aandike sababu za kuizuia. Nikaandika barua kwa mkono, nikanukuu kijitabu, nikatia tarehe. Hundi ikaja siku ya tisa. Riba ilikuwa dola kumi na kitu, sikuitumia wiki nzima, nilikuwa naitazama tu.

Mama watoto akaniambia kijitabu kile sheria ndiyo inayoamuru kiandikwe, akae Ellison, akae Schultz. Alishakisoma kuliko mimi. Ni kweli.

Kwa hiyo nikabaki na sababu nyingine, ambayo mama watoto hakuiondoa. Aprili mwaka jana Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alipigwa risasi na askari Kim Potter hapa Brooklyn Center, mtaa unaopakana na wetu. Askari alisema alidhani ameshika kile kifaa cha kupiga shoti. Wakati huohuo kesi ya askari Derek Chauvin, aliyemuua George Floyd, ilikuwa inasikilizwa Minneapolis. Usiku helikopta zilikuwa juu ya paa letu, kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na mimi nikienda zamu na barua ya mwajiri juu ya dashibodi kama hirizi. Kesi ya Floyd gavana Walz aliitoa kwa kaunti akaikabidhi ofisi ya Ellison, na ya Wright nayo ikaishia hukohuko. Chauvin alipewa miaka 22 na nusu. Potter alitiwa hatiani Desemba, akapewa miwili. Wapo wanaosema miwili ni michache, wapo wanaosema mama yule asingefungwa kabisa, na wote wawili utawakuta foleni moja ya duka hapa Brooklyn Center.

Askari kushtakiwa na kutiwa hatiani ni nadra huku, na chama kikubwa cha askari wa jimbo kilimuunga mkono Schultz. Nikajiuliza kama mtu anayejua atasimama mbele ya debe mwaka unaofuata hubeba kesi ya namna hiyo kwa mkono mwepesi au mzito. Sijui kama angekuwa wa kuteuliwa angethubutu zaidi au angengoja simu. Ila huyu alizibeba zote mbili akijua debe linakuja, na kura yangu nimempa kwa hilo. Msikitini wakidhani ni kwa sababu nyingine, shauri yao.

Siku ya kura, Jumanne tarehe 8, tulikwenda pamoja, kituo chetu ni shule ya msingi. Hakuna alama za vidole, hakuna wino, hakuna askari mlangoni. Tulikuwa tumeshajiandikisha, kwa hiyo hata kitambulisho hatukuulizwa, nilitaja jina na anwani nikatia saini. Na ukikuta hujajiandikisha, unajiandikisha palepale, hata kwa jirani wa eneo lako la kura kuapa kwamba anakujua unakaa hapo. Nilimwazia yule karani wetu wa tume ya uchaguzi, IEBC, wa Agosti, na kile kidubwana chake cha kusoma alama za vidole, KIEMS, kikikataa dole la bibi yako kwa sababu limekatika mistari kwa kukuna nazi. Karatasi ni ndefu mbele na nyuma, na unapaka kiduara kwa kalamu nyeusi kama mtihani wa darasa la nane. Kisha unailisha mashine mwenyewe, inaivuta taratibu, kioo kidogo kinaongeza namba moja. Mimi nilikuwa 412, mama watoto 413. Nikamwuliza kwenye gari. "Schultz," akasema, huku akifunga mkanda. Kura zetu zikauana mle ndani ya mashine hata kabla hatujatoka kwenye maegesho.

Na kumbe jimbo zima lilikuwa kama gari letu. Walz alishinda ugavana kwa raha, lakini Ellison alikesha. Asubuhi alikuwa mbele kwa chini ya asilimia moja, 50 na kidogo kwa 49 na kidogo, katika kura kama milioni mbili na nusu. Maana yake kuna maelfu waliompa Walz, wakashuka mistari michache kwenye karatasi hiyohiyo, wakamnyima Ellison. Watu wamechambua kiti kimojakimoja. Kwetu ni suti ya chama kimoja, unavaa yote au huvai. Schultz alikubali kushindwa Jumatano, na jioni ile majirani wakaanza kung'oa vibao bustanini. Nikakumbuka Bomas, ukumbi wa kutangazia matokeo ya urais Agosti, wale makamishna wanne walioyakana na vurugu za jukwaani, na tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kubwa kuliko hii ya kwetu.

Usidhani nakusifia huku. Ofisi hii ni ngazi. Mondale aliianzia hapa akaishia umakamu wa rais. Humphrey, mtoto wa yule Humphrey mkubwa aliyekuwa makamu wa rais, aliwabana wenye kampuni za sigara mpaka wakakubali mwaka 1998 kulilipa jimbo zaidi ya dola bilioni 6 na kufungua makabati yao ya siri. Miezi sita baadaye akagombea ugavana kwa sifa hizo, akaangushwa na Jesse Ventura, mpiga mieleka wa televisheni. Wenyeji bado wanacheka.

Sasa nakurudishia swali, maana nawe uko jikoni. Juzi Alhamisi nimesoma kwamba hakimu amekubali ombi la upande wa mashtaka la kuiondoa ile kesi ya naibu rais Gachagua ya shilingi bilioni 7.4, kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Labda kweli hautoshi, wewe umeona mafaili mengi membamba. Lakini najiuliza, kiongozi wa mashtaka angekuwa anangoja debe la Mvita na Kisauni mwakani, angeandika ombi lile kwa mwandiko uleule? Usinijibu kwenye WhatsApp, una kazi ya kulinda. Andika barua.

Shikamoo yangu mfikishie mama. Nimempa kijana mmoja anayekuja Desemba soksi nzito za miguu ya mama inayouma, na dawa ya kuchua. Kile kijitabu nimekuwekea nakala humohumo, ukione kilivyo chepesi.

Mama watoto anakusalimu sana. Anasema ukipiga simu mwulize habari za gari, usimwulize habari za kura.

Wako,
sahibu yako wa Majengo